Shingo Uliyotaka Kuipasua

Kwa Kaka Daktari,

Nakusalimu kwa sababu tumenyonya ziwa moja. Zaidi ya hapo usitafute. Mimi mzima. Natumaini nawe u mzima, na mkono wako wa upasuaji bado hautetemeki, maana ulimi wako najua haujapoa.

Uliponishika shingo pale sebuleni kwako, mbele ya shemeji na watoto, ukatangaza kuwa ule uvimbe ni saratani na tezi yote ya shingo itolewe, nililia njia nzima. Nilipoomba nipimwe kwanza kwingine, wanakosoma picha kwa msaada wa kompyuta, ukanicheka, ukasema niende nikapigiwe ramli na kompyuta. Tangu hapo simu zangu hupokei.

Basi nilikwenda, mama akinisindikiza. Daktari wa picha, mwanamke mnene asiye na haraka, alinipaka jeli ya baridi shingoni akanipiga ultrasaundi. Programu yao, iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za tezi, ikauzungushia uvimbe wangu mstari, ikasema hatari ni ndogo. Daktari hakuishia hapo. Alisema mashine ni jicho la pili, si hakimu. Akachoma sindano, akatoa chembe zikapimwe. Majibu yakaja: si saratani. Tezi yangu ninayo, na darasani nafundisha kama kawaida. Wewe ungenipasua bure.

Hayo ningekusamehe. Lakini hili lisome umekaa kitako.

Siku ile daktari alimsikia mama akiongea, akamuuliza sauti imeanza lini kukwaruza. Mama akajibu ni muda sasa, ila mwanawe daktari amemwambia ni uzee, apunguze kugomba. Kumbe alikuonyesha shingo, nawe hukuinua hata macho! Yule daktari akampandisha kitandani palepale. Kwa picha ya mama mashine haikusema hatari ni ndogo, na sindano nayo haikuikanusha.

Kaka, mwenye saratani ni mama. Amepasuliwa juzi, na mtu baki. Nilitaka kukuita, yeye ndiye aliyenikataza. Alisema hataki ubishi wako kando ya kitanda chake.

Anaendelea vizuri, ingawa ananong'ona tu. Leo ameniita niinamishe sikio, akasema, "Mwambie mwanangu aje. Koti lake jeupe aliache." Mimi ningekuacha hukohuko. Nimeandika kwa kuwa nimeamriwa.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Wodini wanaruhusu wageni jioni. Nitakuwepo. Usinisemeshe.

Ni mimi, mdogo wako.