Macho ya Juma na Unga wa Njano

Jumanne

Leo macho ya mume wangu yamekuwa ya njano kabisa. Tangu akatwe utumbo hajameza kitu, analishwa kwa mshipa tu. Daktari alinivuta pembeni: chakula hichohicho cha dripu ndicho kinachoharibu ini lake, na wakikikatisha atakufa njaa. Sasa mtu achague nini...

Mama yake Juma alifika kutoka Rufiji, akamtazama, akanigeukia.

"Ni huu unga wa njano wa duka la ushirika. Mtafutie mweupe, mwanangu."

Nilitaka kumwambia kwamba Juma hali kitu.

"Haya, mama."

Kesho napanga foleni Kariakoo. Nikiupata nitapika uji, niupeleke wodini, na mama akigeuka niunywe mimi, aone kikombe kitupu.