Mgeni Aliyefunguliwa Kibuyu Changu

Kwamboka, Mama Chela wangu,

Natumaini mgongo wako umepoa tangu siku ile ulipobeba gunia la majani ya chai peke yako hadi kituoni. Mara nyingine mngoje kaka yangu Kipngeno akusaidie, hata akichelewa. Kikohozi cha Chela kimeisha? Na Mama, mguu unamruhusu kufika zizini, ama bado anajikaza tu ili asiambiwe amezeeka? Mimi huku Kanada ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafika kazini. Kinachonisumbua si ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

Huyu aliyekuletea bahasha hii ndiye nitakayemsema humu ndani. Usishtuke. Dokta Martin anajua chamgei ya kusalimia na kongoi ya kushukuru, lakini Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Kwa hiyo mkaribishe kiti, mpe chai, halafu wewe uingie chumbani ufunge mlango usome pole pole. Sikutaka kuyasema haya kwa simu kwa sababu nikipiga mnaweka spika, na jikoni kwetu hakukosi watu. Mambo haya ni yako wewe na mimi, halafu Mama utamwambia yale ya kumwambia.

Najua kuna jibu mnalongojea. Martin anataka kurudi nyumbani kwetu miaka mitatu mingine na utafiti wake, na mfadhili amesema hatatoa pesa mpaka Mama akubali kwa kinywa chake. Mama naye amesema hatatoa neno mpaka asikie kutoka kwangu. Basi jibu liko humu, na Martin amelibeba mwenyewe kwenye begi lake toka huku mpaka Kiptere bila kujua. Hapo nimefurahi kidogo, sitakuficha.

Wacha niseme tu. Nina wivu. Nimejaribu kuupa majina mengine, nikasema ni baridi, nikasema ni uchovu, nikasema ni kukaa peke yangu. Ni wivu.

Kazi yangu unaijua, ingawa Mama bado anawaambia watu kanisani kwamba nafundisha chuo kikuu. Sifundishi mtu. Mimi nawatafutia wale wanaofundisha pesa za utafiti. Asubuhi nikifika nafungua matangazo ya wafadhili na kuyasoma mpaka macho yaume. Huyu anataka utafiti wa samaki, yule wa barabara, mwingine anataka wahadhiri vijana tu, mwingine hataki kusikia habari ya kununua mashine. Nikiona tangazo linalomfaa mtu namtumia, namkumbusha, nasoma andiko lake, namwonyesha pale mfadhili atakapokasirika na pale bajeti isipojumlika. Kuna wanaokuja siku ya mwisho wanahema kama mtu aliyeachwa na lori la majani. Pesa zikipatikana wanakata keki huko kwenye idara yao. Mimi naletewa kipande kwenye tishu.

Martin ni mhadhiri wa vyakula vinavyochachushwa. Wafadhili walikuwa wamemkataa mpaka akawa anapita mlangoni kwangu akiangalia sakafu. Dada anayemsaidia maabara alikuwa karibu kufutwa kazi. Nikamhurumia. Kisha nikaona tangazo la pesa za kutafiti vyakula vya kienyeji, na sharti lake lilikuwa moja: lazima iwepo familia inayotengeneza chakula hicho, na iwe imekubali tangu mwanzo. Martin hakuwa na familia ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nayo. Mdomo wangu ukaniponyoka, nikamwambia, "Kwetu kuna maziwa ya kibuyu, tunayaita mursik."

Ile sehemu ya andiko inayoeleza familia niliiandika mimi, si yeye. Nilibaki ofisini wenzangu wakienda nyumbani. Niliandika jinsi Mama anavyosugua ndani ya kibuyu na kile kifagio kidogo, sosiot, bila haraka. Niliandika jinsi anavyochoma kijiti cha mti wa senetwet na kusagia mkaa wake humo ndani mpaka ukuta wa kibuyu unang'aa mweusi. Niliandika kwamba katika boma letu kila mtoto ana kibuyu chake, na anayesafiri hufungiwa chake mpaka arudi. Niliandika mpaka nikasikia harufu. Mfadhili alijibu akisema sehemu hiyo ndiyo iliyomfanya akubali.

Nikaomba niwekwe kwenye safari, hata kama ni kutafsiri tu. Mkubwa wangu akanisomea sheria kwamba mfanyakazi wa ofisi yetu hawezi kufaidika na pesa alizosaidia kutafuta. Hakuwa na haja ya kunisomea. Sheria hiyo mimi ndiye huwasomea wengine. Na hata angenikubalia, karatasi zangu za kukaa huku bado ziko kwa serikali, na nikitoka kabla hazijarudi mkononi sitaingia tena. Kwa hiyo aliyeenda nyumbani kwangu ni mtu ambaye alikuwa hajui Kericho iko upande gani wa dunia.

Sikutaka aje kutuaibisha, basi nikamfundisha. Tulikaa ofisini kwangu na vikombe vya kahawa. Nikamwambia, kikombe unapokea kwa mikono miwili. Halafu unagonga kitako chake gotini, mara mbili, taratibu, ili mkaa utulie chini. Ndipo unakunywa. Ukimaliza unasema kongoi, na ukiongezwa usikatae. Alirudia na kurudia kama mtoto wa nasari, mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Nilimcheka sana siku hiyo.

Halafu zikaanza kuja picha zako.

Martin zizini amevaa gambuti zangu, na zimemtosha. Martin ameketi kwenye kile kigoda changu cha karibu na mlango, ambacho hata Kipngeno hakikalii. Chela juu ya mabega ya Martin, ameshika masikio yake kama usukani. Na wewe, Kwamboka, umesimama kando umevaa lile rinda la kijani ulilovaa siku ya kunisindikiza. Rinda hilo lilikuwa na kazi gani siku ya kupima maziwa? Najua utasema mengine yalikuwa yameanikwa. Sema tu. Mimi niliivuta ile picha kwenye simu mpaka nikaona nyuzi.

Na sauti ulizokuwa ukinitumia. "Baba Chela, huyu mzungu wako hana maringo, amemaliza mboga zote za chinsaga." "Martin amekamua ng'ombe leo, na hata hakupigwa teke." "Martin anasema chai yetu huku ni tamu kuliko ile anayonunua kwao." Nikawa nasikiliza nikingoja mahali utakaponiuliza mimi nimekula nini. Siku nyingine hukufika hapo, simu ilikuwa imeisha chaji. Sikukulaumu wewe, ila nilikuwa nalala nimegeukia ukuta.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda ni kibuyu. Ulinitumia ujumbe ukicheka, ukasema umetoka kituoni kupeleka majani, umefika jikoni ukakuta Mama amemfungulia Martin kibuyu changu. "Nikajua utafurahi," ukasema.

Sikufurahi, Kwamboka. Kile kidogo chenye shingo iliyopinda na ukanda wa shanga, mwenyewe unajua. Mwaka wa nne sasa Mama anakiosha, anakipaka mkaa, anakijaza, yakichacha kupita kiasi anamwaga na kuanza upya, akisema Kirui asije akashuka pale barabarani akakuta kibuyu kikavu. Nilitoka nje ya ofisi nikasimama kwenye theluji bila koti. Nilijiambia, basi, nafasi yangu imepata mwenyewe. Mama amechoka kungoja mtoto wa kwenye simu, amechukua huyu anayefika.

Basi mliponiuliza habari ya hiyo miaka mitatu, niliandika jibu siku hiyohiyo. Halikuwa barua, lilikuwa mstari mmoja: Mama asikubali. Nilijua vizuri litafanya nini. Pesa zingebaki kwa mfadhili, kikundi cha akina mama hakingejengewa kile chumba cha maziwa walichoahidiwa, na yule dada wa maabara angetafuta kazi kwingine. Mimi ndiye niliyeleta pesa hizo na mimi ndiye ningezifukuza. Sikujali. Nilitaka tu Martin aache kufika mahali ambapo mimi sifiki.

Juzi nikampelekea bahasha yenye mstari huo maabara, kwa kuwa alikuwa anajiandaa kusafiri. Akaipokea kwa furaha, akaitia begini, kisha akanivuta mkono nione kitu. Akafungua friza. Ndani kulikuwa na vichupa vidogo, vingi, vimepangwa. Akatoa kimoja akasema, "Hii ni ya kile kibuyu kidogo."

Nikamwomba ninuse. Akanifungulia. Haikunuka chochote, Kwamboka. Maziwa ya Mama, ya kibuyu changu, yamevuka bahari yakafika mbele ya pua yangu, na yameganda hayana harufu. Nikamwambia niyalambe kidogo. Akacheka akidhani natania. "Ni sampuli," akasema, akafunika.

Halafu akasita. Akaniambia kuna jambo limekuwa likimsumbua, na anaogopa kwamba alikosea pale nyumbani. Siku ile Mama alimpa mursik ya wageni, ya kibuyu kikubwa. Yeye akafanya nilivyomfundisha. Akapokea kwa mikono miwili, akagonga kikombe gotini. Mama alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria akamgeukia. Akamwonyesha kwa mkono, tena. Martin akagonga tena. Mama akajifunika mdomo na leso akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Martin akaona hakika ametukana watu. Mama akaingia chumba cha ndani, akarudi na kile kidogo, akakifungua mwenyewe, akammiminia. Akaketi mbele yake akimwangalia anavyokunywa, na ugali ukaungua. Kila alipomwongeza alimfanyia ishara agonge kwanza.

"Nilikosea wapi?" Martin akaniuliza.

Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa friza. Wewe umeishi katika boma letu, Kwamboka. Umewahi kuona nani anagonga kikombe gotini? Kipngeno hagongi. Majirani hawagongi. Marehemu Baba hakugonga, na yeye ndiye aliyekuwa akinicheka nikiwa mdogo, akisema, "Huyu anabisha hodi kwa maziwa." Miaka hii yote nimekaa mbali mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nachekwa. Nilidhani nimemfundisha Martin desturi ya Wakipsigis. Kumbe nilimfundisha tabia yangu mwenyewe.

Nikamwambia hakukosea. Nikamwomba anirudishie bahasha kidogo, kuna kitu nimesahau. Nikaenda nyumbani nikachana ule mstari mmoja, nikaandika hii unayoisoma.

Usidhani wivu umeisha. Sasa namwonea wivu kuliko mwanzo, kwa sababu ni yeye aliyeuona uso wa Mama wakati ule. Uso huo ulikuwa wangu, na ameuona mtu ambaye hata hakujua anaangalia nini. Sikumweleza, na wewe usimweleze.

Mwambie Mama akubali. Hiyo miaka mitatu ampe. Akina mama wapate chumba chao, na yule dada abaki na kazi yake. Lakini Martin anunue gambuti zake sokoni, zangu zioshwe zitundikwe. Kigoda akalie kingine. Chela amwite anko, lisitoke jina lingine. Na lile rinda la kijani uliweke chini kabisa ya sanduku. Ukicheka hapo cheka, lakini uliweke.

Kuna jambo lingine, usimwambie mtu bado. Nimeona tangazo la pesa za watu waliotoka kwao wakasoma, wanaotaka kurudi kufanya utafiti nyumbani. Wahadhiri wa huku hawaruhusiwi kuomba. Nimelisoma na kulisoma kama mtu aliyeokota kitu njiani anaangalia nyuma kama mwenyewe anakuja. Kwa mara ya kwanza ninaandika andiko ambalo jina la juu ni langu. Naweza kukataliwa, najua wanavyokataa, barua zao huwa za adabu sana. Lakini nimeomba.

Nisalimie Kipngeno, umwambie ng'ombe wasimzoee Martin kumzidi. Msalimie mama yako ukienda soko la Chepilat, na dada yako anayeuza ndizi pale, umwambie shemeji yake aliyewatoroka bado yupo hai. Wasalimie akina mama wa kikundi, na mzee wa kanisa anayeniombea bila kuchoka. Chela mbusu kwenye paji la uso, halafu mwambie ni baba amembusu, taja jina.

Mama mwambie nimeelewa. Atajua ni nini. Mwambie akioshe kile kidogo, akipake mkaa upya, akijaze, akifunge. Martin akigonga, amcheke akitaka, lakini ampe ya kibuyu kikubwa kama mgeni yeyote. Kile asikifungue tena mpaka asikie goti lenyewe.

Mumeo ambaye bado yuko njiani,
Kirui, Baba Chela