Neema Hahami Mabawe

Mmepotelea wapi nyie? Muda wote huu hakuna hata mmoja aliyeniachia shikamoo hapa chini, halafu mtasema Bibi ameacha blogu. Sijaacha. Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu Neema, maana darasani sijawahi kukaa.

Leo Alhamisi, hapa kwetu Mabawe mvua ya rasharasha, na moyo wangu unawaka.

Neema anatengeneza programu ya mizani ya kahawa. Ilikuwa inajizima katikati ya kupima. Kuna chombo cha kuifuatilia hatua kwa hatua mpaka mahali inapojikwaa, wanakiita dibaga. Kwenye hii Linux yake, mfumo unaoendesha kompyuta, dibaga ilikaa kimya muda wa kuivisha maharage kabla haijaanza kazi. Juzi mkubwa wake wa kazi akapiga simu: kosa lisipopatikana kufikia Ijumaa, Neema ahamie ofisi ya mjini, kwenye mashine zenye nguvu.

Ahame? Aniache na nani?

Jana nikaharibu. Betri ya kompyuta ilishakufa, inaishi kwa waya wa sola. Nikaona kioo kimeganda, na saa ya matangazo ya vifo imefika. Nikachomoa, nikachomeka redio.

“Bibi! Ilikuwa inasoma!”

“Inasoma nini muda wote huo? Mimi sijasoma hata siku moja na nakujibu haraka kuliko hiyo.”

Akacheka huku machozi yanamlenga. Kisha akakasirika, si kwangu, kwa kule kusubiri. Akaacha kosa la mizani, akaigeukia dibaga yenyewe. Kumbe kila ikiwashwa inasoma upya majina yote yaliyomo ndani ya programu, pamoja na ya maktaba zisizohusika, yaani vipande vya kuazima kutoka programu nyingine. Akazizuia hizo zisifunguliwe, na programu akaitengenezea faharasa, orodha ya kuonyesha jina lipi liko wapi, ikae humohumo. Hapo nikaelewa. Mbegu zangu za maharage, kila kibuyu kina kitambaa chake cha kukitambulisha. Siku ya kupanda simwagi vibuyu vyote uani.

Asubuhi hii dibaga imeamka kabla sijamaliza kupuliza moto. Kosa likaonekana: mkulima akileta gunia la pili, programu inaanguka. Amelirekebisha.

Mkubwa bado anasifia mashine za mjini. Neema kamjibu, “Kazi imekwisha, bosi. Mimi nabaki kwa Bibi.”

Kompyuta ni ileile kuukuu. Na waseme.

Wewe unayesoma, ukija tena, anza na shikamoo, usiulize Neema anahama lini, na waya wa sola usiuguse. Redio nimeinunulia betri zake.