Kisu cha Kumenyea Gam

Daejeon, 2 Oktoba

Baba, shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila kichwa kimejaa.

Maabara imenipa mpaka mwisho wa Novemba. Sola yangu ni utando unaopakwa kama wino, wenye viungo viwili vinavyotakiwa kusukana kama nyuzi, nyembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Nikiukausha kwenye bamba la moto, vinajitenga mabonge mabonge na umeme unashuka. Nimekwama kwenye asilimia kumi na mbili tu ya mwanga wa jua kugeuka umeme. Wanataka kumi na tano, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Sikubali, Baba.

Mwanao, Boram

Sangju, 11 Oktoba

Boram, marahaba. Mgongo unalalamika, lakini unafanya kazi.

Gam zimeiva, miti imejaa matunda ya rangi ya chungwa, tunamenya na kutundika bandani zikauke. Wewe msomi, umesahau mwaka ule ulipoleta hita bandani ili zikauke upesi? Nje zikawa ngozi, ndani zikachacha. Tulimwaga matunda elfu tatu, ukalia, nami nikakugombeza mbele ya majirani. Siku hizi upepo ukiwa mkavu nashusha mapazia, unyevu wa matunda ubaki humo humo, zikauke taratibu. Wino wako sijui unataka nini. Wakikufukuza, rudi. Kisu chako cha kumenyea kipo.

Baba yako

Daejeon, 28 Novemba

Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Umeshamaliza kutundika?

Nilizima bamba. Utando ukiwa bado mbichi nauweka kwenye kibakuli chenye tone la dawa ya kuyeyushia, nafunika, mvuke uuzuie kukauka kwa pupa. Mara ya kwanza niliuacha dakika kumi, mabonge yakarudi makubwa zaidi! Nikapunguza, nikapunguza tena. Nimeharibu tando sitini na moja. Jana, sekunde tisini: kwenye darubini nyuzi tupu, na umeme asilimia kumi na tano nukta nne. Gyu-won wa meza ya pili akaniuliza, "We dada, nani kakufundisha kufunika?" Nikamjibu, "Mzee mmoja mwenye banda la gam." Akacheka, akadhani namtania.

Nabaki, Baba.

Mwanao, Boram

Sangju, 5 Desemba

Boram, marahaba. Nimekutumia boksi la gam kavu. Huyo Gyu-won mpe mbili, aache kucheka.

Nina jambo linanikaba. Kisu chako nilikuwa nakinoa kila Jumapili, nikiomba wakufukuze. Hata barua ile ya mapazia niliishikilia siku kadhaa kabla ya kuituma, maana nilijua itakusaidia. Nisamehe, mwanangu. Leo nimekipaka mafuta, nimekifunga kitambaa, nimekiweka juu ya kabati. Sikinoi tena.

Baba yako