Bampa Niliyopulizia Ndani

Jumatano, Julai 1996. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Nisamehe, daftari. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari mmoja. Ulikuwa chini ya godoro na mimi juu yake, nimechoka, na kila siku nilisema kesho. Leo nimekutoa kwa sababu siwezi kufanya kazi nyingine yoyote. Naogopa, na mikono yangu inataka kitu cha kushika.

Mwanangu Mumbua amelala hapa miguuni pangu. Nimehesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani. Thelathini na nane kwa dakika.

Nesi wa kliniki alisema zikipita arobaini mtoto akiwa ametulia, au nikiona mbavu zinaingia ndani, nisingoje hata kuvaa viatu.

Acha niandike kutoka mwanzo, labda kichwa kitapoa.

Mwanzia, baba yake Mumbua, alipopata kazi kwenye gereji ya malori kule Voi, aliniachia kazi yake ndogo ya hapa Shauri Moyo. Si kupaka magari mazima. Ni vile vipande vya nje vya plastiki vinavyopauka kwa jua: bampa, grili, vifuniko vya vioo vya pembeni. Mwenye gari anavifungua, ananiletea nyumbani, mimi naviosha, navipiga msasa, navipulizia rangi ya kopo mpaka virudi vyeusi kama siku vilipotoka dukani. Alinifundisha nikiwa na mimba, tumekaa nyuma ya nyumba, kipande kimetundikwa kwenye kamba ya nguo. Mkono usisimame, alikuwa akisema. Anza kabla ya kipande, malizia baada ya kipande. Ukisimama katikati rangi inaacha mstari, na mstari ule hautoki mpaka upige msasa upya.

Katika yote aliyowahi kuniambia, hilo ndilo nililolishika sana.

Wiki iliyopita Mzee Wafula, karani mstaafu wa reli anayekaa Makongeni, aliniletea bampa mbili, grili na vifuniko vya vioo. Binti yake anaolewa Jumamosi hii na gari hilo ndilo litakalompeleka kanisani. Vipande vilikuja kwa mkokoteni. Gari lenyewe limebaki kwake, uso wazi. Nikamwahidi Alhamisi.

Bampa ya nyuma ilikubali mapema, siku moja ya jua. Ya mbele ndiyo iliyonisumbua. Ijumaa niliipulizia nje kama kawaida. Mvua ilikuwa imekatika lakini hewa ilikuwa na maji, na kabla rangi haijakauka ikaingia weupe, kama mtu ameimwagia majivu. Nikaipiga msasa yote. Jumamosi nikarudia, ikawa vile vile. Jumapili niliomba jua kanisani na sikuona haya. Jumatatu nikaamka, manyunyu.

Basi nikaamua kupulizia ndani.

Mtu ambaye hajaishi chumba kimoja hawezi kujua pazia ni nini kwetu. Pazia ndilo ukuta. Upande huu viti na meza, upande ule kitanda, na mgeni akikaa huku hajui kilichoko kule. Ndugu yake Mwanzia alilala upande wa viti miezi minne, na asubuhi tulikuwa tunaulizana, "Huko kwenu mmeamkaje?" kama watu wa nyumba mbili. Mtu akivaa nguo nyuma ya pazia hakuna anayegeuza kichwa. Mtu akilia nyuma ya pazia, hajalia. Tangu niolewe nimeishi hivyo na sijawahi kuona kosa lake.

Kwa hiyo Mumbua aliposinzia nilimlaza kitandani, nikavuta pazia mpaka mwisho, na moyoni nikawa nimemtoa nje ya nyumba.

Jiko nilitoa kweli. Hilo nililikumbuka, kwa sababu Mwanzia alinionya sana juu ya moto. Nikajisifu hata. Nikafunga dirisha vumbi lisiingie, nikatandaza magazeti sakafuni, nikatundika bampa kwenye boriti kwa waya. Kopo nililiweka kwenye maji ya vuguvugu ili rangi itoke laini. Nikajifunga leso puani.

Pua yangu mwenyewe niliifunga.

Rangi ya kwanza ilikaa vizuri. Nikangoja, nikapiga ya pili. Nikiwa kwenye ya tatu nikamsikia anakohoa.

Hapa nataka kuandika sawasawa, bila kujipendelea. Nilimsikia. Nilikuwa katikati ya bampa. Nikasema ni mafua, watoto wote wa hapa wana mafua mwezi huu, na mkono ukaenda mpaka mwisho wa kipande. Halafu ukarudi. Akakohoa tena, kikohozi kikavu, na mimi nilikuwa nimebakisha pembe moja.

Nikaimaliza ile pembe.

Ndipo nikafungua pazia.

Alikuwa ameketi. Hakuwa analia, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kulilia. Tumbo lilipanda na kushuka mbio. Chini ya mbavu palikuwa panaingia shimo, kila pumzi shimo, na kifua kinapiga mluzi. Aliniangalia tu, kama anayengoja nimweleze.

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka Mama Akinyi, jirani yangu, akiwa ameinama kwenye karai la nguo. Alianza kusema, "Mama Mumbua, leo unapika nini, hata mende zimehamia kwan..." Akamwona mtoto. Alinyoosha mkono wenye povu akanivua ile leso. "Toa hiyo kitu puani, utaanguka naye." Tulikimbia mpaka kliniki, yeye na ndara moja, mimi bila.

Walimwekea bomba la hewa, wakampa dawa ya kufungua kifua. Nesi, mama mtu mzima, alimpangusa pua kwa pamba. Pamba ikatoka nyeusi. Akaitazama, akatazama kucha zangu, akaitazama tena.

"Nyumbani mnachoma nini?"

"Hatuchomi. Napulizia vipande vya magari rangi."

"Ndani?"

Nikamwambia kulikuwa na pazia. Nilijisikia nikilisema na bado nilitaka aniamini.

Hakunigombeza. "Hata kwangu kuna pazia," alisema. "Ukikaanga samaki upande huu, aliyelala upande ule anasikia harufu ama hasikii?" Akaenda kuchukua pamba nyingine.

Tulilala huko siku moja. Jana mchana wakaturudisha, na yale maneno ya arobaini.

Nilipotaka kutandika kitanda ndipo nikaona shuka. Ni jeupe, ni zawadi ya harusi yetu. Lote lilikuwa limeshika vumbi jembamba la kijivu, isipokuwa katikati. Katikati palikuwa bado peupe, umbo la mtoto amelala ubavu, hata mkono mmoja unaonekana umenyooka.

Nimelikunja polepole nikaliweka sandukuni. Kulifua siwezi. Kulitupa pia siwezi.

Thelathini na sita.

Na ile bampa imetoka nzuri. Nimeutafuta mstari kwa kidole, kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, nikitaka kuupata. Haina.

Mzee Wafula amekuja leo asubuhi. Mama Akinyi alikuwa ameshamweleza yote pale nje, naye hana sauti ndogo. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, na mimi maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Nikamwambia, "Mzee, bampa zote mbili hizi hapa. Grili na vifuniko sitavipulizia ndani ya nyumba hii tena. Jua likitoka kabla ya Jumamosi utavipata. Lisipotoka, unisamehe."

Akaivaa kofia yake.

"Nipe hivyo vitu vyangu vyote," akasema. "Gari likienda kanisani na meno yaliyopauka, watu watadhani linacheka." Akamwinamia Mumbua. "Kwani ni huyu? Huyu ndiye anayekusumbua hivi, mtu mwenyewe hajafika goti?" Mumbua akamkamata kidole. Mzee akageuza uso upande wa dirisha kwa muda, kisha akabeba bampa moja begani yeye mwenyewe.

Mama Akinyi naye ametoa sheria. "Ukifungua kopo, mtoto ni wangu. Ukifunga kopo na ukioga, ni wako. Na uoge kweli." Nikamwambia ndiyo, mama. Sijamwambia kwamba makopo matatu yaliyobaki nimeyafungia kwenye gunia na kila nikipita karibu nalo nabana pumzi.

Mwanzia bado hajui. Katika barua yake ya mwisho aliuliza nahitaji nini anitumie na mtu wa basi. Nimekaa na barua hiyo wiki tatu bila kuijibu, na sasa lazima nijibu. Naogopa uso wake nisiouona. Lakini nitamwandikia yote, hata ile pembe. Hasa ile pembe. Nikiificha, siku moja nitaificha tena.

Amekohoa. Ngoja.

Arobaini na moja.

Nimevaa viatu. Nimempakata, nimemfungua nguo nikatazama mbavu. Haziingii. Amekunywa maji, ametulia, nimehesabu dakika nzima nikisema namba kwa sauti. Thelathini na saba. Nimehesabu nyingine. Thelathini na sita.

Viatu sijavua.

Nitamalizia nikiwa nimevivaa. Basi linaondoka kesho asubuhi na orodha hii ndiyo nitakayoinakili kwenye barua, baada ya kumweleza:

Turubai moja la lori, hata kuukuu, bora halivuji. Futi kumi kwa kumi. Nataka kulifunga kule nyuma kwenye kamba ya nguo, mbali na mlango wetu na wa Mama Akinyi, liwe paa peke yake, pembeni wazi.

Vyuma vinne virefu vya kulisimamishia, vile vya gereji.

Kinyago kimoja cha mpira chenye chujio pande mbili, unachovaa wewe. Kimoja tu. Mtoto hatahitaji, hatakuwepo.

Msasa wa maji namba mia nane, karatasi sita.

Tepu ya karatasi, mbili.

Rangi usitume. Nitakwambia mwenyewe siku nikiweza kushika kopo.

Ndara za Mama Akinyi, namba saba. Moja yake ilibaki njiani Jumatatu.

Na shuka moja la kitanda chetu. Jeupe. Usilete la maua wala la rangi yoyote, hata kama ni zuri. Nataka jeupe, ili kitu kikitua juu yake nikione.