Bahasha Tatu za Babu Zilizobaki

Herndon, Virginia
Jumatatu

Mdogo wangu Shomari,

Stempu nne tumezipoteza. Ilikuwa Jumamosi, wiki tatu zilizopita, ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, kwa mkono wako. Nimeanza na hilo lisije likajificha nyuma ya salamu. Sasa hujambo, na goti la Mama linaendeleaje? Sisi wazima. Ile kazi ya usafi niliyoianza na ndoo moja sasa ina watu kumi na wawili.

Kosa la kwanza ni langu. Nilikuambia, "Nitumie zile stempu za Babu." Sikutaja bahasha. Nawe ukafanya kama tulivyofanya utotoni: ukalowesha, ukabandua, ukakausha ndani ya daftari, ukampa msafiri. Ulidhani unapunguza mzigo. Lakini bahasha zote saba hazifiki uzito wa kanga moja, Shomari.

Juzi nilizipeleka College Park, kwenye ukumbi tunaousafisha, wanakokutana wakusanyaji wa stempu. Mzee mmoja wa Beltsville alizishika kwa kibano, akaweka lenzi jichoni.

"Hizi zimeogeshwa."

"Na mdogo wangu."

"Ni za Wajerumani. Waingereza walipokiteka kisiwa cha Mafia wakazigonga muhuri wao hukohuko, moja moja, kwa mkono. Tazama wino ulivyochuruzika. Na mihuri hii imeghushiwa sana, stempu tupu nani ataiamini? Ingekuwa juu ya bahasha, na anwani na tarehe yake, ningeomba kiti."

"Basi omba kiti, mzee. Zimebaki tatu."

Akakaa kweli.

Nikamweleza kwamba babu yake Mama alikuwa karani wa posta hapo kisiwani, kwamba barua alimwandikia mkewe Unguja, na mke aliporudi Mafia akarudi nazo sandukuni. Mzee amesema zile tatu zikifika nzima, atazipeleka mwenyewe kwa wakaguzi zipatiwe cheti. Hesabu yangu ni fupi: moja iuzwe, tuezeke nyumba ya Mama upya. Mbili zibaki za ukoo.

Binti yangu Rehema, unayemjua hujibu kila kitu kwa Kiingereza, safari hii alitoa Kiswahili safi: "Anko amefua stempu." Nimecheka, japo bado nina kinyongo.

Najua aibu ndiyo inakufanya usipokee simu tangu juzi nilipokuandikia kwamba zimeharibika. Ndiyo maana barua hii nimeipiga picha, nikaituma kwa wifi yangu, mkeo, akusomee. Mpe Mama shikamoo yangu. Msalimie Mjomba fundi cherehani, na bintiye Mwanaidi, ambaye Ijumaa anaruka kutoka Dar kuja huku na amekubali kuzibeba zile bahasha tatu.

Ila ujumbe wako wa mwisho, kabla ya hapo, ulisema, "Hizo nyingine nitazimalizia wiki hii." Sitaki maelezo wala pole. Je, zile tatu bado ni kavu, juu ya bahasha zake, au umeshazitia majini? Nijibu neno moja, kavu au majini, kabla ya adhuhuri ya Jumatano, saa za huko, Mwanaidi apate kuzichukua kabla hajaondoka.

Dada yako,
Zuhura