Saa ya Odette na Pumzi ya Baba Yake

Jumatatu, 6 Oktoba

Mbaya tena. Usingizi mzito: kamstari kafupi ka bluu, karibu kasionekane. Jana vilevile. Juzi vilevile. Nimewasha makaa, nimeteleka maji ya chai, nimefungua simu kabla sijanawa uso. Sasa hiyo ndiyo sala yangu ya asubuhi. Mungu anisamehe.

Saa hii ya mkononi, inayopima usingizi na kuuonyesha kwenye simu, binti yangu Odette aliituma kutoka Lubumbashi kwa mkono wa msafiri. Alisema, mama unalalamika uchovu kila siku, ivae usiku, tuone. Basi tumeona. Silali.

Leo nimekosea kipimo cha blauzi. Kitambaa cha mteja, nimekikata, hakirudi. Kichwa kizito kama mawe. Naogopa. Mama yangu alikufa mapema na hakuna aliyejua ugonjwa wake. Labda ulianza hivi hivi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejaribu kila kitu. Sinywi chai jioni. Simu naiacha mezani. Nimekula wali na sombe ya majani ya mihogo jua likiwa bado juu. Nimeoga maji ya moto. Saa inasema: mbaya zaidi.

Mama Zaina, jirani, amenipa majani ya kuchemsha. Machungu sana. Bure.

Mwenye famasi ya barabarani ameniuzia vidonge vya usingizi. Nimevificha ndani ya kopo la vifungo. Sijameza. Navyo naviogopa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Odette amepiga. Nimelia kwenye simu kama mtoto. Aibu. Yeye ni muuguzi, hakucheka.

"Mama, ile saa haioni ndani ya kichwa. Inasikia moyo na vile unajigeuza, halafu inakisia. Usiangalie usiku mumoja, angalia juma nzima. Na muntu wa miaka yako hawezi kulala kama mutoto."

Nimetulia kidogo. Kisha akauliza ni nini kinaniamsha. Sikufikiri hata. Nimesema: baba yako. Anakoroma, naamka, namgeuza, nalala, anakoroma.

"Basi lala mu chumba changu siku chache, tuone."

Chumba kingine. Tangu vita sijalala chumba tofauti na huyu mwanaume, isipokuwa nilipojifungua.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimewaza jambo hili kanisani ibada nzima. Mahubiri sikuyasikia.

Wakati wa vita tulikimbilia msituni, upande wa Kailo. Odette alikuwa mgongoni mwangu. Tulikuwa familia kadhaa chini ya matawi, na wenye bunduki walikuwa wanapita njia ya karibu. Tulisikia hata kikohozi chao. Baba Odette alikuwa kijana mwembamba wa kazi ya reli, lakini kukoroma alikuwa tayari anakoroma. Watu wakaniambia wazi: mwamshe mume wako, la sivyo mwende mbali na sisi. Hawakuwa wabaya. Walikuwa na watoto.

Basi nikajifunza. Mkono juu ya kifua chake. Akianza, namgeuza. Akiendelea, naziba mdomo. Usiku baada ya usiku. Nililala nusu, kama kuku.

Vita vikaisha. Tulirudi tukakuta nyumba haina mlango wala bati. Alijenga upya, akanenepa, akazeeka. Mkono wangu haukuondoka. Hakuna aliyeuambia kwamba vita viliisha.

Leo nahamia chumba cha Odette. Nimemwambia baba yake ni kwa ajili ya saa. Ameguna tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimelala! Kamstari si kamstari tena, ni kipande kizima. Siku zote hizi. Asubuhi naamka mwili mwepesi. Nimemaliza gauni la harusi lililonishinda tangu mwezi jana. Mteja amesema uso wangu umerudi.

Baba Odette anatania kwamba nimemkimbia. Macho yake mekundu. Mchana amesinzia mezani, kijiko mkononi. Nimesema moyoni, uzee. Nina furaha nyingi mno, sitaki kuwaza zaidi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijui niandikeje.

Alfajiri niliamka kwenda nje. Wakati wa kurudi nikapita mlangoni pake. Anakoroma, mabati yanatikisika. Nikatabasamu. Halafu kimya.

Nikasubiri. Kimya. Nikasukuma mlango. Amelala chali. Kifua kinapanda, kinahangaika, na hewa haiingii. Mdomo wazi, hakuna kitu. Nikapiga kelele jina lake. Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa chini ya maji, akaendelea kulala. Hakufungua hata jicho.

Nilikaa sakafuni mpaka mwanga. Hali ile ikarudi. Ikarudi tena.

Siku hizi zote nimelala vizuri upande wa pili wa ukuta. Yeye nani alikuwa anamgeuza?

Sishoni leo.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimerudi chumbani kwetu tangu siku ile. Mkono kifuani. Kulala hakuna, na sijali.

Jana nimemwomba avae saa. Amekataa.

"Mimi si mugonjwa, Mama Odette. Njo vile wazee wanalala."

Nimemwambia avae kwa ajili ya mtoto wake. Amevaa, amekasirika, amelala mara moja. Anavyolala haraka siku hizi ni kama mtu anayeanguka. Mimi nilijizuia nisimguse, ili tuone ukweli. Usiku mrefu kuliko wote. Mara mbili nilishindwa, nikamtikisa.

Asubuhi nimetazama kwenye simu ile sehemu ya hewa ndani ya damu. Siku zote nilikuwa naipita tu, maana mstari wangu umenyooka. Wake unashuka, unapanda, unashuka, kama meno ya msumeno.

Nimemtumia Odette picha. Hakuandika. Amepiga. Sauti si yake.

"Mama, saa inaweza kukosea. Lakini ile umeona na macho yako haikosei. Umupeleke kwa daktari. Usingoje."

Nimemwambia baba yake. Anasema ana jenereta ya mtu ya kutengeneza ng'ambo ya mto, Alunguli, kesho lazima avuke. Baada ya hapo ataona. Ataona nini? Nilipaswa kupiga kelele.

Jumatano, 22 Oktoba

Ameanguka mtoni.

Yuko hai. Naandika hilo kwanza. Yuko hai, yuko chumbani, amevaa sweta kwenye joto hili.

Alikaa pembeni ya mtumbwi, mfuko wa vyombo miguuni. Katikati ya Lualaba akasinzia. Hakuyumba, hakushika kitu, alikwenda tu kando kama gunia. Mpiga kasia mmoja alikamata shati. Shati likapasuka. Akakamata mkono. Maji yamejaa siku hizi, yanakwenda kwa nguvu. Wamemleta mpaka nyumbani wenyewe, wamelowa wote, na mmoja wao alikuwa anatetemeka kuliko yeye.

Mwanzoni alicheka. Alitaka niwapikie wale vijana chai. Walipoondoka aliacha kucheka.

"Nilikuwa naangalia ng'ambo," alisema. "Halafu nikawa ndani ya maji. Mama Odette, sikujua kama nimelala."

Huyu ni mwanaume ambaye sikumwona akiogopa hata msituni. Leo nimeona. Amenishika kidole kimoja, kimoja tu, kama mtoto.

Amesema: twende.

Jumamosi, 25 Oktoba

Daktari ni mwanamke, kijana, anasema polepole. Nilimpa simu. Aliitazama kwa makini, akairudisha. Alisema saa haiwezi kutoa jibu, inaweza tu kutuambia mahali pa kutafuta. Kisha akaniuliza mimi. Anakoroma vipi? Kimya kinakaa muda gani? Anaamka na maumivu ya kichwa? Nilijibu yote. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali ambayo nina majibu yake yote.

Alimpima shingo, nene. Alimpima presha, juu sana. Alieleza: akilala chali, nyama za koo zinalegea na kuziba njia. Mwili unakosa hewa, unashtuka, unavuta. Usiku kucha. Kwa hiyo halali, hata akikoroma mpaka asubuhi. Ndiyo maana mchana anaanguka. Na moyo unachoka.

Iko mashine ya kusukuma hewa puani. Hapa Kindu haipo. Na inataka umeme usiku wote, sisi tunaupata kwa bahati. Odette ataulizia Lubumbashi, pamoja na vipimo vya kweli. Kwa sasa: dawa za presha, alale ubavu, kichwa juu, apunguze unene, aache lutuku, pombe yake ya jioni. Asipande mtumbwi peke yake, asiendeshe pikipiki.

Niliuliza kuhusu vidonge vyangu vya usingizi, kama naweza kumpa kimoja apumzike. Daktari alinikazia macho. Alisema vingeweza kumuua.

Nilikuwa nimefikiria kumpa siku ya Jumatatu. Nimevitupa chooni.

Mlangoni nilimuuliza jambo moja. Je, kule kumgeuza kwangu, miaka yote ile? Alisema, "Sijui, Mama. Labda kulimusaidia. Lakini wewe pia una mwili."

Jioni nimeshona mfuko mgongoni mwa shati lake kuukuu, nikatia mpira wa matambara. Akilala chali, unamsukuma. Amejitazama kwenye kioo. "Nimekuwa ngamia." Nimecheka, kisha nikalia.

Jumatatu, 3 Novemba

Mstari wake umetulia kidogo. Msumeno umebaki na meno machache. Najikumbusha maneno ya Odette: juma nzima, si usiku mmoja.

Lakini juzi kulikuwa na matanga kwa rafiki yake wa reli, na amekunywa. Amerudi na harufu. Usiku ule meno yote yamerudi, marefu. Mara moja kimya kilikaa mpaka nikaanza kuomba. Asubuhi nimemwekea simu mbele ya sahani. Ametazama muda mrefu. Amemwaga iliyobaki nyuma ya nyumba, mwenyewe.

Bado naogopa. Kila jioni jua likishuka, nakagua ule mpira wa matambara. Najua kuna watu waliozikwa, na jamaa zao wanasema: alilala tu, hakuamka.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeamka jua liko chumbani. Sikuelewa. Nilidhani nimeumwa.

Baba Odette yupo kando yangu, amelala ubavu, anapumua. Taratibu, bila kelele. Saa iko juu ya meza, betri imekwisha tangu jana na umeme haujarudi. Kwa hiyo sina namba ya leo. Nimebaki nimelala, nasikiliza. Sina hofu. Yaani nilikuwa naitafuta, sikuipata.

Mama Zaina alikuwa anabisha. Nimefungua. Bati liko kichwani mwake, limekunjwa kama karatasi. Bati la jiko letu. Mvua ya usiku ilikuja na upepo, ukaling'oa, ukalirusha mpaka katikati ya mihogo yake. Anasema lilipiga kelele kama bomu. Mtaa wote uliamka, watoto walilia, watu walitoka na taa.

"Na ninyi hamukusikia?"

Baba Odette alikuwa amesimama nyuma yangu, anajikuna shingo.

"Hatukusikia," alisema.

Tumekunywa chai jikoni, mbingu juu yetu. Baba Odette atalipigilia bati misumari kesho.